Mgema Hana Pipa

Bondeni, mtaa wa Mombasa jirani na Mji wa Kale, wengi hawajaonja kileo maishani mwao, lakini msamiati wake wanao. Hata mtoto wa chuoni atakwambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lisikilize hilo "li": tembo hili si yule wa Tsavo. Methali imetunza ngeli ambayo mitaani imesahauliwa, maana siku hizi kinywaji huitwa mnazi tu, jina moja kwa mti na kwa kinachotoka mtini.

Kileo cha zabibu tulikipokea kwa meli. Mvinyo ni vinho ya Mreno, aliyeanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Pipa ni lake pia. Divai ni ya Kifaransa. Ajabu ni kwamba mfasiri akipewa habari za familia yenye mizabibu Ufaransa, huandika "mzalishaji wa mvinyo", maneno ya ofisini yasiyo na harufu. Mimi ningemwazima mgema wa Kaloleni.

Huyo hukwea kwa vidato, mikato iliyochongwa shinani (shule ndiyo iliyoliazima neno hilo, ikatupa kidato cha nne). Kileleni hulikaza kwa kamba karara la maua ambalo halijapasuka, hulikata ncha kwa kotama, kisha hutundika kibuyu. Asubuhi na jioni hurudi kulipunguza kidogo tu, jeraha lisije likaziba. Tembo linalotoka ni tamu. Jioni limekuwa kali, na likiachwa siku chache ni siki. Wapo watakaosema huko ni kukinga, si kutengeneza. Sawa, chachu ya hewani ndiyo inayomaliza kazi. Lakini mkono unaokosea kukata haupati kitu, na karara lililogemwa halizai nazi.

Tembo halingojei miaka, kwa hiyo hatuna neno la mvinyo wa mwaka fulani. Umri uko mtini. Mnazi aliopanda babu hugemwa na wajukuu, na kwa Wagiriama mti waweza kuwa na mwenyewe, ardhi ikawa ya mwingine. Mwanaanthropolojia David Parkin aliyaandika haya katika kitabu chake cha 1972, Palms, Wine and Witnesses. Minazi ilipouzwa, wazee waliitwa, wakanyweshwa tembo, na kunywa kwao ndiko kulikowafanya mashahidi. Ugomvi ukizuka baadaye, swali lilikuwa: nani walikunywa siku ile?