Miaka ya Kupimiwa Sukari katika Buha

Wengine wameandika humu habari za majengo na shule. Mimi nitasimulia habari za njaa ya dukani, niliyoiona kwa macho ya mtoto. Naiita njaa ya dukani kwa sababu mashamba yetu yalikuwa na muhogo, ndizi na maharagwe. Tulichokosa ni sukari, sabuni, mafuta ya taa na nguo.

Asili yake ni hii. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu yakautwaa mji wa Kampala. Vita ilikula mali nyingi, na mwaka ule ule bei ya mafuta ikapanda duniani. Mwalimu Nyerere akatutaka tufunge mikanda miezi 18. Walakini shida ilipita miezi hiyo.

Mwaka 1983 nilikuwa na umri wa miaka sita, nasi tulikaa Kibondo. Kila nyumba iliandikwa kwa balozi wa nyumba kumi, na sukari ilipofika tulipimiwa kwa kikombe. Mimi niliwekwa mstarini tangu alfajiri, kumshikia mama nafasi. Chai tulitia asali, na kwa kweli hata leo naipenda kuliko ya sukari. Nguo tulifulia majani ya mpapai.

Basi watu walivuka mpaka kwa njia ya Mabamba, wakaleta sabuni na nguo kutoka Burundi. Baba naye alileta mikono minane ya merikani. Lakini mwezi wa Machi 1983 Serikali ya Waziri Mkuu Sokoine ilianza kuwasaka wahujumu uchumi, na hofu ikaenea hata kwa wanyonge. Usiku baba akaitia merikani ile chunguni, akaifukia migombani.

Siku chache baadaye bibi yangu alifariki. Sanda haikupatikana dukani wala kwa majirani. Nilimwona baba akisimama, akaitazama migomba, kisha akaketi tena. Bibi alizikwa katika mkeka.

Mwaka 1984 biashara ikalegezwa, nguo zikaonekana. Baba alipofukua chungu, maji yalikuwa yameingia, kitambaa kimeoza. Hakunena neno.

Hata mwaka 1996, sisi tukiwa tumehamia Kasulu, wakimbizi wa Kongo walifika Nyarugusu, nao wakapimiwa chakula mstarini kama sisi zamani zile. Baba alinunua shuka mbili nyeupe, akazipeleka kwa waliofiwa huko. Hakuniambia sababu, wala mimi sikumwuliza.