Simu, waya usiokuwepo

Neno “simu” tumelichukua kwa Waajemi, ambao kwao sim ni madini ya fedha, tena ni waya. Wazee wetu walipambanua: simu ya maandishi ilikuwa telegramu, na simu ya mdomo ndiyo hii ya kuongea. Leo waya haupo, jina limebaki. Mdomo nao umerudi kwa kishindo. Shangazi yangu, ambaye kuandika hakupendi, hubonyeza alama ya kipaza sauti kwenye WhatsApp, akabisha hodi kwanza (hodi, kwenye simu!), kisha akanimwagia dakika 4 za salamu huku jogoo akiwika nyuma yake. Vijana huuita ujumbe huo “voisi”. Mimi naona “simu ya mdomo” inafaa zaidi. Wahariri, irudisheni.