Jinsia na utalii endelevu kandokando ya Ziwa Mburo

Jinsia na utalii endelevu kandokando ya Ziwa Mburo ni suala la jinsi wanawake na wanaume waishio jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, magharibi mwa Uganda, wanavyopata faida na hasara za utalii, na hivyo kuuunga mkono au kuukataa. Hifadhi hiyo, yenye takriban kilomita za mraba 260, iko katika ukanda wa Mbarara, Kiruhura na Isingiro. Ardhioevu ya Mburo na Nakivale iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 1983 kwa kuwahamisha wafugaji Wahima na wakulima. Serikali ya wakati huo ilipoanguka, wengi wa waliohamishwa walirejea, wakaharibu majengo na kuua wanyamapori. Baadaye eneo la hifadhi lilipunguzwa. Uadui wao dhidi ya hifadhi ulitokana na kupoteza malisho na maji.

Sheria inatenga asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa jamii jirani. Fedha hizo hujenga shule, zahanati na barabara, miradi ya wote, ilhali hasara haigawanyiki sawa. Nyani na nguruwe pori huharibu mashamba, na kuyalinda mara nyingi huwaangukia wanawake na watoto, kazi isiyolipwa. Ardhi na ng'ombe kwa desturi humilikiwa na wanaume, ndiyo maana mapato ya malisho au uwindaji wa kitalii, ulioanza kwa majaribio mwaka 2001, huwafikia wanawake kwa shida zaidi kuliko yale ya ususi na kazi za mikono.