Cheti cha Audrey na Uzi wa Moshi

Wasee wangu, leo ni historia. Najua mmezoea nikilia kuhusu nauli ya kwenda Voi na vumbi la mji wetu, lakini kuna swali niliulizwa Jumamosi sokoni na sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Soko la Taveta mnalijua. Jumatano na Jumamosi mji mzima ni ndizi, vitunguu, mitumba na kelele za mikokoteni. Rafiki yangu huja na kikapu cha vitambaa vya kufuma, vile vya kuwekwa juu ya makochi, na akina mama huvigombania kabla ya saa nne. Akimaliza kuuza tunakaa chini ya mwembe kucheza drafti na vifuniko vya soda. Ananichapa kila wiki, tuliache hilo. Uzi wake mwingi unatoka Moshi, ng'ambo ya Holili, kwa sababu anapenda rangi za huko. Ila hauendi kuununua yeye. Ni mimi. Huu mwaka wa tatu hajavuka mpaka, maana jina na picha kwenye kitambulisho chake ni za mtu mmoja, na anayesimama kwenye foleni anaonekana mtu mwingine. Rafiki yangu ni transjenda.

Hiyo Jumamosi alikuwa ametoka kwa mahojiano ya kazi, kampuni moja ya mizigo, sitaitaja. Waliangalia cheti, wakamwangalia yeye, wakaangalia cheti tena. Wakamwambia watampigia. Akaniuliza huku akila kete yangu, "Kwani hakuna mtu hii Kenya ashawahi kushinda hii vita ya makaratasi?"

Yuko. Anaitwa Audrey Mbugua. Nilishangaa kwamba rafiki yangu hakuwa anamjua, halafu nikakumbuka hata shuleni hatukuwahi kufundishwa. Kwa hivyo tulieni niwape stori.

Audrey alifanya KCSE mwaka 2001 kwa jina la Andrew, akapata A ya kutoa. Hebu fikiria A ya kutoa enzi hizo. Akaenda Chuo Kikuu cha Maseno kusomea mambo ya bioteknolojia ya tiba. Baadaye akapata matibabu Hospitali ya Mathari kule Nairobi, madaktari wakaandika kwa lugha yao kwamba jinsia anayoijua moyoni si ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Akabadilisha jina kisheria, likatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Mpaka hapo kila kitu ni halali, hakuna mtu alimshika mkono.

Shida ikawa cheti. Ukienda kutafuta kazi na uso wa Audrey na cheti cha Andrew, unaonekana mwizi wa vyeti. Akaliomba Baraza la Mitihani, KNEC, limwandikie cheti kipya chenye jina lake jipya, bila alama ya jinsia. Baraza likakataa. Mwaka 2013 akaenda Mahakama Kuu.

Sasa hapa ndipo ninapapenda. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir alitoa uamuzi, na ukiusoma unaona hakuingia kabisa kwenye ubishi wa nani ni mwanamke wa kweli. Aliangalia kanuni za mtihani zenyewe, akakuta hazilazimishi cheti kiwe na alama ya jinsia. Maksi hazitolewi kwa sababu wewe ni mvulana au msichana. Ukiiondoa hiyo alama, A ya kutoa inabaki A ya kutoa. Akaongeza habari ya heshima ya utu, kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010, akalipa Baraza siku 45 litoe cheti kipya.

Na hiyo haikuwa ushindi wa kwanza mwaka huo. Audrey na wenzake walikuwa wamejaribu kusajili shirika lao, Transgender Education and Advocacy, na Bodi ya Kuratibu Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ikagoma. Julai 2014 Jaji George Odunga akasema kuwanyima usajili ni ubaguzi, wasajiliwe. Kwa hivyo ndani ya miezi mitatu hivi, watu ambao wengi walidhani hawapo Kenya walishinda serikali mara mbili kortini. Sisi huku tulikuwa darasa la sita tukikariri mito ya Afrika.

Mnaweza kuniuliza cheti kinaniuma nini mimi. Cheti changu cha fomu foo kilikaa kwa ofisi ya mwalimu mkuu miaka miwili sababu ya salio la karo, na chuo nilikiacha mwaka wa pili kwa sababu hiyo hiyo. Najua kuwa na akili na kukosa karatasi ya kuithibitisha. Lakini mimi nililipa salio nikapewa. Rafiki yangu angelipa salio gani?

Haya, tuje kwa homoni, maana najua mtaniandikia kuhusu hizo tu. Watu hudhani ni uchawi wa juzi. Estrojeni ilitambuliwa maabara mwaka 1929, testosteroni ikatengenezwa 1935. Mwanzoni zilikuwa za wanawake waliokoma hedhi na wanaume wenye upungufu. Kuna dawa moja ya estrojeni ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1942, Premarin, imetengenezwa kutoka mkojo wa farasi wenye mimba, na nyanya wengi wa Marekani wameimeza miaka na miaka bila mtu kuwapigia kelele. Hata spironolakton, ambayo wanawake wengi transjenda hupewa kupunguza nguvu ya testosteroni, ni dawa ya presha. Labda iko kwa kabati la shosho yako sasa hivi.

Kule Berlin daktari Magnus Hirschfeld alifungua taasisi ya mambo haya mwaka 1919, Wanazi wakaivamia Mei 1933 na kuchoma vitabu vyake. Desemba 1952 magazeti ya Marekani yakajaa habari za Christine Jorgensen, aliyekuwa mwanajeshi, aliyeenda Denmark akapewa homoni na upasuaji. Uhuru wa Kenya ulikuwa bado miaka kumi na moja.

Homoni zenyewe ni polepole kuliko stori za mtaani. Ni miezi na miaka, kama kubalehe mara ya pili. Testosteroni huifanya sauti iwe nzito na haiwezi kurudi ilivyokuwa. Estrojeni hukuza matiti, lakini sauti haiigusi. Damu inaweza kuganda, ini na figo zinahitaji kupimwa, ndiyo maana rafiki yangu hupanda basi mpaka Mombasa kwa kliniki badala ya kununua vidonge kwa mtu asiyemjua. Nauli ni vitambaa vinne vikubwa. Mwezi vitambaa visiponunuliwa, haendi. Kama nawe unafikiria kujinunulia tu, tafadhali, tafuta daktari kwanza.

Wazee wengine watasema hii ni ya wazungu, imekuja na intaneti. Sawa, tuongee. Kwa Wanandi mama asiye na mtoto wa kiume aliweza kulipa mahari akaoa mke, watoto wakawa wake, na jamii ikamhesabu kama mwanamume. Regine Oboler aliandika habari hizo mwaka 1980, na Wakamba, ambao ni majirani zetu hapa, wana desturi inayofanana. Ng'ambo huko Oman, ambako nusu ya Pwani ina binamu, Unni Wikan wa Norway aliandika mwaka 1977 kuhusu watu wa mji wa Sohar walioitwa kwa neno ambalo kwetu limekuwa hanithi. Walizaliwa wanaume, walikaa na wanawake kwenye harusi, na mavazi yao yalikuwa katikati ya ya kiume na ya kike. Sisemi hawa wote ni kitu kimoja na rafiki yangu. Mama wa Kinandi alikuwa anatafuta mrithi wa ng'ombe, hakuwa anatafuta homoni. Ninachosema ni kwamba wazee wetu hawakuzirai walipokutana na mtu asiyeingia kwenye sanduku. Walimtafutia nafasi, hata kama ilikuwa nafasi ya kubana.

Na Kiswahili chenyewe, mmeona? Nimeandika habari hizi zote na bado hamjui rafiki yangu alizaliwa msichana au mvulana. "Yeye" inatosha. Kule kwa Waingereza wangekuwa washapigana kwa sababu ya neno hilo moja.

Tusijidanganye pia kwamba 2014 ilimaliza mambo. Sensa ya 2019 ilihesabu huntha kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524, lakini huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya upande mmoja. Transjenda hawakuwa na kisanduku chao. Halafu Agosti 2025, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret alimpa mwanamke transjenda fidia ya shilingi milioni moja kwa jinsi alivyodhalilishwa akiwa mikononi mwa serikali, akaiagiza serikali iandae sheria ya kuwalinda watu hawa. Miaka kumi na moja baada ya cheti cha Audrey, bado mtu anahitaji wakili, pesa na kifua kikubwa.

Nilimsimulia rafiki yangu yote haya pale pale chini ya mwembe. Alinyamaza kwa muda. Akauliza kubadilisha jina kunagharimu ngapi, ukijumlisha wakili. Tukahesabu kwa vitambaa. Ni vingi, wasee. Akaanza kupanga upya vifuniko vya soda, akasema tuanze na jina, mambo ya kitambulisho tutajua mbele.

Kisha akatoa karatasi ya rangi za uzi, maana kesho navuka. Zambarau nne, kijani kibichi mbili, nyeupe sita. Chini kabisa ameandika kwa herufi kubwa nisimletee tena ile ya waridi ya mara iliyopita, ilichuja.