Taa ya oili kwenye pikapu: kuchunguza sensa ya presha

Sensa ya presha ya oili ni kifaa kidogo kinachokazwa kwenye bloku ya injini, mara nyingi karibu na filta, mahali oili inapopita ikisukumwa na pampu. Pikapu nyingi za zamani zinazobeba mbuzi, maji na magunia Samburu (mji wa Kaunti ya Kwale kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, si ile Kaunti ya Samburu ya kaskazini) zina swichi ya waya mmoja tu. Presha ikishuka chini ya kiwango fulani, kati ya baa 0.2 na 0.5 kwa injini nyingi, swichi huunganisha waya na bodi, na taa nyekundu huwaka. Presha ikipanda, taa huzima. Pikapu yenye geji ya mshale hutumia sensa ya aina nyingine, na baadhi ya zile za kisasa zina ya waya tatu inayopelekewa volti 5 na kompyuta ya injini.

Njia za vumbi za bara ya Kinango hutikisa waya hadi ukalegea au ukachubuka. Diani na Msambweni chumvi ya bahari hula koneta. Kwa hiyo taa husingizia mara nyingi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa dereva huizoea. Ikiwaka safarini, injini huzimwa kwanza, lawama za sensa baadaye. Oili hupimwa kwa kijiti, gari likiwa mahali tambarare na oili imepewa dakika chache kushuka kwenye sampu. Taa inayomweka kwenye kona au mteremko kwa kawaida ni oili kupungua. Oili iliyopanda kupita alama huku ikinuka dizeli ni kesi ya nozeli au pampu ya dizeli inayovuja, na sensa haina kosa.

Swichi ya waya mmoja hupimwa bila mtambo wowote. Ufunguo ukiwashwa kabla ya kupiga stata, taa lazima iwake. Waya ukichomolewa kwenye swichi, taa izime. Ikibaki inawaka, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani. Ukigusishwa kwenye chuma cha injini, taa iwake tena. Mafundi wengi huishia hapo na kuuza swichi mpya, ilhali walichopima ni waya na taa tu.

Anayeamua ni geji ya mkono. Sensa hufunguliwa, geji ikakazwa kwenye tundu lake, na injini ikaachwa ipate moto sawasawa, maana oili baridi ni nzito na huficha ugonjwa. Kwa dizeli za Toyota kama 2L na 3L, presha isipungue baa 0.3 injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, wala baa 2.5 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika. Nyuzi za tundu ziangaliwe: magari ya Kijapani hutumia sana nyuzi 28 kwa inchi, na geji nyingine zina 27. Zikilazimishwa, tundu huharibika.

Geji ikionyesha presha nzuri, sensa hubadilishwa. Ikionyesha ndogo, sensa ilisema kweli, na kinachotafutwa ni beringi zilizolika, pampu iliyochoka au chujio la sampu lililoziba. Hilo la mwisho linajulikana sana kwenye Hilux za injini ya 1KD-FTV: washa za nozeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio, na injini hunoki. Kwa magari ya kompyuta, misimbo ya hitilafu P0522 na P0523 huelekeza kwenye umeme, P0524 kwenye presha yenyewe. Hata hivyo P0524 hutokana na sensa ileile inayoshukiwa, hivyo geji haiepukiki.

Kuchomoa waya ni kipimo cha fundi na pia ujanja wa muuzaji wa gari, kwa sababu taa huzima papo hapo. Muuzaji mjanja zaidi huunganisha taa ya oili na ya chaji ili ziwake na kuzima pamoja. Mnunuzi hulijua hilo kwa kuwasha ufunguo bila kupiga stata, kisha kuchomoa waya wa swichi: taa ya oili ikiendelea kuwaka, ama waya umechubuka ama taa imeunganishwa kwingine, na bei isizungumzwe kabla geji haijafungwa.