Amana ya Rabai: jinsi uchungaji ulivyopita mkono kwa mkono

Siku kanisa linapomuaga mchungaji aliyetimiza muda wake na kumpokea yule anayekuja kushika mahali pake, Wakristo wa pwani ya Kenya hukusanyika kwa wingi usioonekana hata Krismasi: akina mama hujipanga wamevaa leso za aina moja, wanakwaya hukohoa na kusafisha koo, mbuzi wa zawadi hufungwa kwenye shina la mwembe, na wazee wa kanisa, waliovaa makoti mazito licha ya joto la Mombasa, huketi safu ya mbele wakingoja saa iliyo fupi kuliko hotuba zote na yenye taadhima kuzishinda zote. Katika saa hiyo anayeondoka hugeuka na kumkabidhi mwenziwe funguo, daftari za ubatizo na za ndoa, na vyombo vya Ushirika Mtakatifu. Vigelegele hupigwa, na aghalabu mzee yule hutokwa na machozi.

Furaha hiyo ni halali, tena ni wajibu. Walakini ina historia ndefu ambayo wengi wa wanaoshangilia hawajapata kusimuliwa, na mwenye kutaka kuifahamu hana budi kutoka kisiwani Mombasa, kushika njia ya kaskazini-magharibi, na kupanda vilima mpaka Rabai, kwa kuwa huko ndiko amana ya uchungaji ilikoanza kupita mkono kwa mkono katika nchi hii, na huko vilevile ndiko ilikokaribia kupotea kwa kukosa mtu wa kuipokea, ingawa waliostahili kuipokea walikuwa uani, wakichota maji na kufundisha watoto.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani mzaliwa wa Württemberg aliyetumwa na Church Missionary Society (CMS) ya London, alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja na Maskati, iliyowaamuru maliwali wake wamtendee mgeni huyo kwa wema. Kabla mwaka haujapinduka mkewe, Rosine, alifariki kwa homa pamoja na mtoto mchanga waliyekuwa wamejaliwa, wakazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Miaka miwili baadaye alikuja mwenziwe, Johannes Rebmann, na katika Agosti ya 1846 wote wawili, wakiwa wagonjwa wa homa hata ilikuwa shida kupanda kilima, wakahamia Rabai kwa idhini ya wazee wa Kirabai, ambao waliwapokea kwa heshima ile ile ambayo Wamijikenda humpokea mgeni asiyekuja na silaha.

Krapf alikuwa mtu wa safari na wa ndoto kubwa, aliyeota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka bahari moja hadi nyingine. Mwaka 1849 aliuona mlima Kenya, na mwaka 1853 afya ikamlazimu kurudi kwao. Rebmann alibaki. Yeye ndiye aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848 na kudhihakiwa na wanazuoni wa London waliokuwa hawajapata kuiona Afrika kwa macho yao, lakini baada ya safari zake za Uchaga alitulia kilimani pale, akaishi miaka 29 bila kurudi Ulaya hata mara moja. Alimzika mkewe, Emma, mwaka 1866. Aliandika maneno. Kazi ya kukusanya maneno ya Kiswahili, ya Kinyika na ya Kinyasa ilimshughulisha siku nenda siku rudi, na ya lugha hii ya mwisho aliyapata kwa mtu mmoja aitwaye Salimini, aliyechukuliwa mtumwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa na kufikishwa pwani, ambaye aliketi naye saa nyingi akimtamkia lugha ya kwao, lugha ambayo huko pwani hakuwa na wengi wa kuzungumza nao. Kamusi ya Kinyasa ilipigwa chapa mwaka 1877, Krapf ndiye aliyeitayarisha, na mwandishi wake alikuwa amekwisha kufa.

Nasema haya kwa heshima ya mtu aliyetoa umri wake wote, lakini lazima yasemwe: Rebmann alikuwa mlinzi hodari wa amana kuliko alivyokuwa mrithishaji wake. Waumini aliowabatiza walikuwa wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole. Alichelea kubatiza kwa haraka, akataka kila nafsi ithibitike mbele yake mpaka iwe safi kama maji ya mtungi, na hali hiyo ikamfanya asiwe na mtu aliyemwandaa kwa dhahiri kushika mahali pake. Macho yakaanza kupofuka. Sir Bartle Frere alipozuru pwani mwaka 1873, katika ujumbe ulioleta mkataba ambao kwa huo Sayyid Barghash wa Unguja alipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, alimkuta mzee huyo karibu kipofu kabisa, akingali kazini, akizungukwa na vitabu asivyoweza kuvisoma.

Mkataba ule ndio ulioleta makabidhiano ya kwanza. Walihitajika watu wa kupokea mateka waliookolewa katika majahazi, na CMS ikamtuma William Salter Price, aliyekuwa akiwalea Waafrika waliookolewa na kupelekwa India, huko Nasik karibu na Bombay. Price alinunua ardhi Kisauni mwaka 1875, akajenga makazi yaliyopewa jina la Frere Town, ambayo kengele yake ingalipo mpaka leo pale Kengeleni, kando ya njia kuu ya kaskazini. Mwaka huo huo Rebmann aliiacha Rabai mikononi mwa wageni waliokuja. Hakuna nilichosoma kinachoonyesha kwamba palikuwa na sherehe. Inajulikana tu kwamba kipofu hawezi kusafiri peke yake, na kwamba aliyemshika mkono mpaka Ujerumani alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja katika waumini wa kwanza. Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Mimi kila nikiitafakari safari ile huona kwamba ndani yake mna swali ambalo wakubwa wa misheni hawakulisikia. Kijana aliyeaminiwa kumwongoza mchungaji wake kuvuka bahari, kumlisha, kumvisha na kumwelekeza ngazi za meli, je, hakustahiki kuaminiwa na kundi? Jibu la wakati ule lilikuwa kwamba mrithi lazima atoke London. Na huku wenyewe wa nchi walikwisha kuanza kurithi pasipo ruhusa ya mtu: huko Godoma, katika nchi ya Wagiriama, waumini waliojifunza Rabai walikuwa wamejijengea makazi yao wenyewe, wakisoma na kuomba pasipo mchungaji wa Kizungu, na waliochukua kazi ya kila siku hapo Rabai walikuwa wale walioitwa Waafrika wa Bombay, hususan George David, William Henry Jones na Ishmael Semler, watu walionyakuliwa wangali watoto, wakauzwa, wakaokolewa baharini, wakasomeshwa India na kurejea katika miaka ya 1860 kwenye bara ambalo hawakuwa tena na kijiji cha kurudi.

Hao ndio waliobatizisha, waliozika, waliosuluhisha magomvi ya mipaka ya mashamba, na waliokesha usiku wa kipindupindu na njaa. Lakini walikuwa makatekista tu, na katekista, hata akiwa na elimu ya kushinda ya mkubwa wake, hana mamlaka ya madhabahu. Miaka kumi ilipita baada ya kuondoka Rebmann ndipo Askofu James Hannington, Jumapili ya Utatu, mwezi wa Mei 1885, akawawekea mikono Jones na Semler wakawa mashemasi. Hannington hakukaa pwani hata miezi sita, wala sikubaliani na haraka aliyokuwa nayo katika mambo mengi, lakini katika hili aliona kilichowapita waliomtangulia.

Miezi miwili baadaye, tarehe 23 Julai, askofu huyo alitoka Rabai na msafara wa wapagazi zaidi ya 200 akielekea Buganda kwa njia ya Umasai, njia ambayo alionywa asiifuate, na shemasi Jones akiwa pamoja naye. Walipofika Kwa Sundu, ambapo leo ni Mumias, Hannington alichukua watu 50 na kuendelea mbele, akamwachia Jones sehemu kubwa ya msafara na amri ya kungoja. Hii kwangu ndiyo saa ya makabidhiano ya kweli, japo hapakuwa na daftari wala funguo: watu zaidi ya 150, mizigo, chakula cha kutafutwa siku kwa siku, na ukimya wa mbele. Katika Novemba wakaja wachache walionusurika wakasema kwamba askofu ameuawa Busoga, kwa amri ya Kabaka Mwanga, tarehe 29 Oktoba. Jones hakukimbia. Alingoja karibu mwezi mzima zaidi, ili kama habari ile ni ya uongo bwana wake asije akarudi akakuta kambi tupu, na alipohakikisha kwamba si uongo akawageuza watu wake na kuwarudisha pwani, akipita tena katika nchi zile zile za hatari.

Walifika Rabai tarehe 4 Februari 1886. Watu waliotoka kuwalaki waliona mbele ya msafara bendera ya buluu, rangi ya maombolezo, na juu yake, kwa herufi nyeupe zilizoshonwa, jina Ikabodi, la yule mtoto wa mkwewe Eli aliyezaliwa siku Sanduku la Agano lilipotekwa. Watu wengi walikuwa wamevaa matambara na ngozi, miguu imevimba. Wanawake waliopoteza waume zao walianza kulia kabla ya kuambiwa. Nani aliyeshona herufi zile, na kwa kitambaa cha nani, haikuandikwa. Lakini mtu aliyechagua jina lile alikuwa ameisoma Samweli wa Kwanza akaielewa kama mchungaji anavyopaswa kuielewa, yaani kwa ajili ya watu wanaolia.

Baada ya hapo Jones aliendelea na kundi la Rabai, na kundi likazidi kukua kwa namna iliyowatia hofu wakubwa wake, kwa sababu watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia kwake, naye hakuwa na moyo wa kuwafukuza. Kufikia 1888 watoro waliopata hifadhi katika misheni walipindukia elfu moja, na wenye watumwa wakatishia vita. Fitina ile ilimalizwa kwa fedha: George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa aliwalipa fidia mabwana wao, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Kwa wengi wao kanisa la Rabai lilikuwa nyumba ya kwanza waliyoingia pasipo kuulizwa ni mali ya nani.

Lakini hata baada ya ushahidi huo wote fimbo ya askofu haikukabidhiwa mwana wa nchi. Hannington alirithiwa na Henry Parker, ambaye alikufa kwa homa kusini mwa Ziwa Viktoria mwaka 1888. Parker akarithiwa na Alfred Tucker. Dayosisi ya Mombasa ilipoundwa ikapewa William Peel mwaka 1899, na baada yake wakaja wengine kutoka Uingereza, wema baadhi yao, wachapakazi karibu wote. Kenya ilingoja mpaka 1955 ndipo Festo Olang' na Obadiah Kariuki wakawekwa wakfu kuwa maaskofu huko Namirembe, ambako mifupa ya Hannington ilikwisha kuzikwa. Mwaka 1964, dayosisi ya Mombasa ilipoanzishwa upya, kiti chake kilikaliwa na Peter Mwang'ombe. Tangu Krapf na Rebmann kupanda kilima kwa homa ilikuwa imepita miaka 118.

Ningependa sana, siku za kuagana na kupokeana, kabla ya mbuzi kufunguliwa na kabla ya mgeni wa heshima kusimama, msomaji mmoja aitwe asome majina ya Abe Gunja, Isaac Nyondo, George David, Ishmael Semler na William Jones, asome polepole, watoto wa Shule ya Jumapili wakiwapo, na kila mchungaji anayestaafu aulizwe mbele ya watu amemwandaa nani tangu mwaka wake wa kwanza. Dayosisi ya Mombasa yenyewe imekwisha kuzaa nyingine, Taita-Taveta na Malindi, kila moja na askofu wake, na Wagiriama, ambao babu zao walisali Godoma pasipo kasisi, leo wana makasisi wao wenyewe wanaostaafu, na wengine vijana wanaongoja kuwekewa mikono.