Juliana: ugonjwa uliopewa jina la nguo

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa gulioni, historia hii inakuhusu. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Wenyeji waliuita Juliana, jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Wengine walisema ni uchawi: mtu kadhulumu mali ya magendo, karogwa.

Tazama hasara ya maelezo hayo. Ambaye hakumdhulumu mtu alijiona salama. Mume na mke hawakuulizana. Fedha ilikwenda kwa mganga, virusi vikaendelea kusambaa. Kufikia mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa na wagonjwa.

Unaujua mnyauko wa migomba: ukificha shina moja kwa kuona aibu, panga lisilosafishwa litaupeleka shamba zima. UKIMWI nao ulilindwa na ukimya.

Leo kupima ni bure na dawa ni bure. Anayezitumia vizuri, hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Basi kabla msimu haujaanza, nendeni mkapime, wewe na mwenzi wako.